Mtoto wa Desemba: Haraka ya Kuanza Shule Ilikuwa ya Nini?

Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni kwa mama, Ruring'u, tukimenya waru za mukimo, dadangu akaingia na habari. Alikuwa ameitwa shuleni kwa mtoto wake. Si kwa ubaya. Mwalimu alimwambia mtoto ni mkali, amewapita wenzake wote wa PP1, anasoma, anahesabu hadi mia moja bila kukwama. Kumpeleka PP2 Januari ni kumpotezea mwaka bure. Afadhali arushwe aingie Gredi ya 1 moja kwa moja.

Mpwa wangu anatimiza miaka 5 Desemba hii. Akirushwa, ataingia Gredi ya 1 akiwa na miaka 5 na wiki chache. Mtaala wenyewe umepanga hivi: PP1 miaka 4, PP2 miaka 5, Gredi ya 1 miaka 6.

Dada alikuwa ameshafurahi, na mama akafurahi kumliko. Akaninyooshea kisu chenye maganda ya waru. "Si hata huyu alirushwa? Na si alifika?"

Mimi kimya.

Mjue kwetu mimi ndiye ushahidi. Mtoto wa binamu akitaka kurushwa, natajwa. Jirani akiuliza kama kitinda mimba wake ataweza darasa la kwanza, natajwa. Ati yule kijana alimaliza Fomu 4 na miaka 16! Miaka hii yote ushahidi unatolewa, lakini shahidi mwenyewe hajawahi kuulizwa. Basi leo wacha shahidi aseme.

Nilizaliwa Desemba 2000. Januari 2006 nikaingia darasa la kwanza kwenye akademi moja hapa Nyeri ambayo sitaitaja jina. Enzi hizo ni 8-4-4, na darasa la kwanza lilikuwa la watoto wa miaka 6. Mimi nilikuwa na miaka 5 na mwezi mmoja. Niliyeketi naye dawati moja alikuwa amezaliwa Januari 2000.

Hebu tupige hesabu pamoja. Siku ile ya kwanza yeye alikuwa ameishi duniani miezi 72. Mimi 61. Tofauti ni miezi 11. Kwa watu wazima miezi 11 si kitu. Mtu wa miaka 40 na wa miaka 41 watakunywa chai meza moja na hakuna atakayejua nani ni mkubwa. Lakini kwangu mimi miezi 11 ilikuwa karibu sehemu moja ya tano ya maisha yangu yote. Yaani jamaa alikuwa amekuja shuleni na mazoezi ya maisha ambayo mimi sikuwa nayo.

Na ilionekana. Yeye anafunga kamba za viatu, mimi nafungiwa. Yeye anaandika ukurasa mzima, mimi nikifika mstari wa tatu mkono umechoka na penseli imeanza kutembea yenyewe nje ya mstari. Baada ya chakula cha mchana nilikuwa nalala. Si kusinzia, kulala, mate yakidondoka kwenye daftari. Asubuhi za Julai, na mnajua baridi ya Nyeri ya Julai, gari la shule linatuchukua saa kumi na mbili kasorobo na ukungu bado uko barabarani, mtoto wa miaka 5 atakosaje kulala saa saba?

Muhula wa kwanza nikawa nambari 39 kati ya 43. Kwenye ripoti mwalimu aliandika kwamba mimi ni mvivu, niongeze bidii.

Miaka 5. Bidii gani?

Sasa sikiza, shida haikuwa nambari 39. Shida ni kwamba lile neno lilihama nami. Darasa la pili mwalimu mpya akapokezwa orodha: hawa ndio wakali, hawa ni wa katikati, hawa ni wale wengine. Mimi nilikuwa wale wengine. Wakali waliketi mbele, wakapewa maswali, wakapelekwa mashindano ya kukariri mashairi. Sisi tuliketi nyuma tukifundishwa kunyamaza. Na mtoto akiambiwa ni mzito miaka mitatu mfululizo, wa nne hahitaji kuambiwa. Anajua mwenyewe.

Kuanzia darasa la sita nikaanza kuwafikia. Hakuna miujiza iliyotokea, nilikuwa tu nimekua. Lakini tabia ya kuketi nyuma ilikuwa imeshaniingia. KCPE nilifanya 2013, KCSE 2017, nikapata C. Sikuaibisha mtu, sikubebwa juu juu na mtu.

Halafu hapa ndipo penye kichekesho. Nimemaliza Fomu 4 Novemba 2017, nina miaka 16. Pesa ya chuo hakuna bado, mama anasema nifanye kazi kidogo kwanza tujikusanye. Sawa. Naenda duka la vifaa vya ujenzi mjini: kitambulisho kiko wapi? Naenda kwa supamaketi: kitambulisho. Nataka laini ya simu kwa jina langu: kitambulisho. Na Kenya kitambulisho ni miaka 18. Nikangoja hadi Desemba 2018. Mwaka mzima nilikuwa nyumbani nikilisha kuku wa mama na kutazama wenzangu wakipita.

Kwa hivyo ule mwaka niliookoa nikiwa na miaka 5, niliurudisha wote nikiwa na miaka 17, na riba juu. Yule jamaa wa Januari tuliyeketi naye darasa la kwanza alipata kitambulisho chake mwezi wa kwanza baada ya mwaka wa mtihani, akaendelea na maisha. Haraka yangu haikunifikisha popote kabla ya yeyote.

Mnaweza kusema hii ni hadithi ya mtu mmoja mwenye machungu yake. Haki yenu. Ndiyo maana wiki hii nilikaa nikasoma.

Mwaka 2006, mwaka uleule nilioingia darasa la kwanza, wanauchumi wawili, Kelly Bedard na Elizabeth Dhuey, walichapisha utafiti uliolinganisha matokeo ya watoto wa nchi nyingi zilizoendelea kwenye mitihani ileile ya hesabu na sayansi. Swali lao lilikuwa rahisi: kwenye darasa moja, wale wadogo kabisa na wale wakubwa kabisa wanapishana kiasi gani? Wakakuta kwamba darasa la nne, ukiwapanga watoto 100 kwenye foleni kwa alama, wale wadogo wanasimama nafasi 4 hadi 12 nyuma ya wakubwa. Darasa la nane pengo limepungua lakini halijaisha: nafasi 2 hadi 9. Hawa ni watoto walio darasa la ngazi moja. Kinachowatofautisha ni tarehe ya kuzaliwa.

Denmark nako, Thomas Dee na Hans Henrik Sievertsen walifuatilia watoto waliochelewa kuanza kwa mwaka mmoja. Waliochelewa walikuwa na utulivu zaidi darasani wakiwa na miaka 7, na walipofika miaka 11 utulivu ule ulikuwa bado upo. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Nikakumbuka mate yangu kwenye daftari.

Na hiyo ya "lakini anasoma tayari"? Kule New Zealand, mtafiti Sebastian Suggate wa Chuo Kikuu cha Otago alilinganisha watoto waliofundishwa kusoma wakiwa na miaka 5 na waliofundishwa wakiwa na miaka 7. Walipofika miaka 11 hivi, hakukuwa na tofauti ya kusoma kati yao. Ufini mtoto anaanza darasa la kwanza akiwa na miaka 7. Hata jirani zetu Tanzania, kwa miaka mingi miaka 7 ndiyo iliyokuwa ya darasa la kwanza. Hakuna aliyewahi kuniambia Mtanzania ni mzito kwa sababu alianza na miaka 7.

Lakini tusidanganyane, kuna upande wa pili. Norway walifanya utafiti mkubwa, Black, Devereux na Salvanes, uliotoka 2011. Wakaangalia vijana wa kiume walipopimwa akili wakiingia jeshini wakiwa na miaka 18 hivi. Umri wa kuanza shule ulikuwa umeacha alama ndogo sana. Na waliochelewa kuanza, mwanzoni mwa kazi walikuwa nyuma kimapato, kwa sababu ndogo tu kwamba walianza kazi wamechelewa. Wakifika miaka 30, yote yamesawazika.

Kwa hivyo siwezi kusimama hapa niseme C yangu ni ya Desemba. Ningekuwa mwongo. Pengine ni C yangu mwenyewe. Ninachosema ni kwamba pengo lile hupungua lenyewe mtoto akikua, ilimradi watu wazima wasiliandike kwa kalamu ya wino. Norway mtoto wa Desemba haambiwi nambari 39 kati ya 43. Sisi tunamwambia, tunamsomea wakiwa paredi, na tunamkalisha nyuma. Tunachukua tofauti ya miezi 11 tunaiita akili.

Sasa najua kuna mtu anasema: basi watoto wakae nyumbani mpaka wakomae vizuri, si ndio? Ngoja kwanza. Wacha nikupeleke kwa Shosho.

Shosho wangu, mamake mama, alikuwa mtoto mdogo Hali ya Hatari ilipotangazwa 1952. Alikulia kwenye vile vijiji vya kulazimishwa, vya mitaro na askari. Alianza shule mambo yalipotulia, akiwa na miaka 12. Anasema waliitwa wazee wa darasa. Alipofika darasa la nne alikuwa msichana mkubwa wa miaka 16, anaketi na watoto wanaomfika kiunoni. Aliacha mwaka huo akaolewa. "Si kwamba sikuweza," aliniambia siku moja. "Niliona haya."

Kuchelewa nako kunaumiza. Mtoto anayeanza amechelewa huwa wa kwanza kuacha, kwa sababu mwili wake unakua haraka kuliko darasa lake. Mvulana wa miaka 16 aliye Gredi ya 7 akiona wenzake wanaendesha nduthi na wana pesa mfukoni, utamzuiaje? Msichana naye mnajua yanayompata. Na hawa bado wako. Nenda Kieni upande wa kame, ambapo shule iko mbali na mtoto wa miaka 4 hawezi kutembea peke yake kwenda na kurudi. Mzazi anangoja mtoto apate miguu. Kaunti ni hiihii moja: huku mjini tunawasukuma na miaka 5, kule wanaingia na miaka 8.

Miaka 8, kwa njia, ndiyo aliyokuwa nayo Wangari Maathai. Alizaliwa 1940 hapa kwetu Ihithe, Tetu, na anasimulia kwenye kitabu cha maisha yake kwamba alipelekwa shule kwa sababu kaka yake mkubwa alimuuliza mama yao mbona Wangari haendi shule kama wao. Mama akafikiria, akasema hakuna sababu. Basi akaenda Shule ya Msingi ya Ihithe, akiwa na miaka 8 hivi. Mtoto huyo akaja kuwa na shahada ya uzamifu 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati, na Tuzo ya Amani ya Nobel 2004. Kwa hivyo miaka 8 haikumzuia. Lakini pia tusimgeuze kisingizio. Kama yule kaka asingeuliza lile swali, miaka 8 ingekuwa 10, kisha 12, kisha haya ya Shosho. Wasichana wangapi wa rika lake hapo Tetu hawakuwa na kaka wa kuuliza?

Na yule Mzee Maruge, Januari 2004, pale Kapkenduiyo Eldoret, akajiandikisha darasa la kwanza akiwa na miaka 84, ndani ya kaptura na soksi ndefu. Dunia nzima ilimpigia makofi. Alistahili. Ila tuliomshangilia tulisahau kuuliza alikuwa wapi miaka yote hiyo.

Maruge aliingia kwa mlango uliofunguliwa Januari 2003, Kibaki wetu wa Othaya alipofanya shule ya msingi kuwa ya bure. Lakini kuna kitu kwenye mlango ule ambacho watu hawakisemi sana. Elimu ya bure ilianzia darasa la kwanza. Nasari iliachwa nje. Mzazi wa nasari aliendelea kulipa. Sasa jiweke kwenye viatu vya mzazi asiye na kitu: nasari ni pesa, darasa la kwanza ni bure. Utafanya nini? Wengine waliruka nasari kabisa. Mtoto akaenda moja kwa moja kutoka kwa mgongo wa mama hadi kwa dawati.

Kumbe umri wa kuanza shule si mtoto anayeuamua. Nilikuwa sijalielewa hilo vizuri mpaka Jumapili ile, kwa hivyo turudi jikoni.

Dada aliona nimenyamaza sana. Akaniuliza, "Na wewe unasemaje?"

Nikawaambia kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu yeyote nyumbani. Darasa la kwanza nilijikojolea darasani mara mbili. Shuleni kwetu ilikuwa lazima uombe ruhusa kwa Kiingereza, sentensi nzima, umesimama, na ukikosea darasa linacheka. Mimi ile sentensi ilikuwa ndefu kuliko muda niliokuwa nao. Mara ya pili msichana mmoja mkubwa, naona alikuwa na miaka 7, alivua sweta yake akanifunga kiunoni bila kusema neno. Nikafika nyumbani nikasema nimemwagikiwa na maji ya chupa. Kila asubuhi baada ya hapo nilikuwa nakataa uji ili nisipate haja. Mama alidhani nimeuchoka uji.

Mama akaweka kisu chini. Akakaa. Akasema, "Hukuniambia."

Nikamwambia nilikuwa na miaka 5, ningesemaje.

Halafu akasema kitu ambacho bado nakitafuna hadi leo. Mwaka ule alikuwa amefungua kibanda cha mitumba Karatina. Anatoka hapa alfajiri, anarudi giza limeingia. Baba hayuko, Shosho ni mgonjwa, dada yuko bweni. Nasari walitoka saa sita. Darasa la kwanza, kwenye ile akademi, walikaa hadi saa kumi, na gari la shule linakuleta hadi kwenye geti. "Nilimuuliza mwalimu kama unaweza. Akasema unaweza. Mimi nilitaka kusikia unaweza."

Karibu miaka 20 nimetembea hapa Nyeri nikijua nilirushwa kwa sababu nilikuwa mkali. Kumbe nilirushwa kwa sababu ya saa sita na saa kumi.

Sikukasirika, na sisemi hivyo kwa kupendeza watu. Ningefanya nini mahali pake? Angenifungia nyumbani? Angefunga kibanda, tule nini? Alichagua lililokuwepo. Lakini tangu Jumapili kila nikisikia mzazi akisema "wangu ni mkali, arushwe", najiuliza kimoyomoyo: na huko nyuma ya hilo neno kuna saa gani? Ukiwaondoa wachache wanaotaka sifa, wale wa picha za mahafali ya PP2 na majoho madogo kwenye WhatsApp, wengi wetu tunatafuta mahali salama pa kuacha mtoto tukienda kazini. Mama anayechuma majani chai Mathira, anayepanda mpunga Mwea, anayeuza nguo Nanyuki, wote wana shida moja. Na shule ya kibinafsi nayo inajua. Darasa lina nafasi, karo ya Gredi ya 1 ni kubwa kuliko ya PP2, nani atakwambia mtoto wako hajafika?

Katiba ya 2010 iliandika wazi kwamba elimu ya chekechea na vituo vya kulea watoto ni kazi ya kaunti. Vyote viwili. Kila uchaguzi tunaonyeshwa madarasa mapya ya chekechea yaliyopakwa rangi za vipepeo, na ni vizuri, siyapingi. Lakini ile sehemu ya pili, ya kulea watoto, ndiyo imesahauliwa. Darasa linalofungwa saa sita halimsaidii mama anayerudi saa kumi na mbili jioni. Mtu akija kuniomba kura 2027, swali langu liko tayari: mtoto wa PP2 akitoka saa sita, anaenda wapi? Uji, godoro la kulala mchana, mtu mzima mmoja anayelipwa vizuri. Si reli ya mwendokasi hiyo. Na nina hakika mkiweka hivyo vitu vitatu, watoto "wakali" wa kurushwa watapungua sana hapa Mlima Kenya.

Kwa mzazi anayesoma hii na fomu ya Januari iko mezani, nina maneno machache tu. Mtoto akiwa hajafika miaka 6, kusoma kwake mapema si tiketi ya Gredi ya 1. Ni furaha yake, mwache aifurahie PP2. Angalia vitu ambavyo havipo kwenye mtihani: anaweza kufunga sweta? Anaweza kumwambia mtu mzima asiyemjua kwamba anataka choo? Anaweza kushindwa mchezo bila kulia nusu saa? Anamaliza mchana bila kulala? Na kama ana miaka 6 au 7 na bado yuko nyumbani, usingoje akomae zaidi. Mpeleke, maana kukaa nyumbani bila mtu wa kukaa naye si kukomaa. Na kama mtoto wako ni wa Novemba au Desemba na tayari yuko ndani, mwambie mwalimu tarehe yake ya kuzaliwa. Wengi hawaangalii. Mwambie tu, kwa heshima: mwalimu, huyu ndiye mdogo wa darasa, usimwandike bado.

Sasa mpwa wangu. Dada alinisikiza mpaka mwisho, akapangusa mikono, akauliza swali ambalo nilijua linakuja. "Sawa. PP2 wanatoka saa sita na nusu. Mimi natoka kazini saa kumi na mbili. Hizo saa zote nimpeleke wapi?"

Ni rahisi kuandika maoni. Ni rahisi kutaja Norway na Denmark. Lakini pale jikoni kulikuwa na mwanamke mmoja na saa tano na nusu za kila siku, na kama hatungezipatia jibu basi mtoto angerushwa, utafiti ubaki kwa utafiti.

Tumegawana. Mama atamchukua Jumatatu na Jumanne, siku ambazo haendi Karatina. Jumatano hadi Ijumaa ni mimi. Kazi yangu ya kurekodi na kuhariri video naweza kuihamishia usiku, nitalala kidogo, si neno. Tumepanga hadi Novemba mwakani. Dada amemjibu mwalimu: tunashukuru, lakini ataenda PP2.

Mtoto mwenyewe alipoambiwa kwamba Anko atakuwa anamchukua shuleni, alitaka kujua jambo moja tu: kama nitakuwa nakuja na mandazi.

Nitakuja na mandazi.

Na wewe je, ulianza shule ukiwa na miaka mingapi, na nani aliamua? Muulize mzazi wako kabla ya kunijibu. Muulize vizuri, mkiwa jikoni.